Waya huu ni wa nini? Usitupe kwanza!

Mwenzenu nimeadimika, najua, na wengine mmeshaniandikia kuniuliza kama nimeoa kimya kimya. Sijaoa! Nilikuwa nyumbani Wete, nimechukua likizo ya wiki mbili kutoka gazetini, na leo sikuleteeni siasa wala bei ya karafuu. Nakuleteeni habari ya waya. Naam, waya. Tena mmoja tu, mweusi, urefu wake kama hatua mbili, ambao nusura niutupe jaani kwa mkono wangu mwenyewe.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani khalati yangu hupindua nyumba nzima. Kuta hupakwa chokaa, makabati huhamishwa, mikeka huanikwa. Mimi pamoja na digrii yangu kazi niliyopewa ni kubeba. Sasa nikiwa nimeinama chini ya kitanda nikavuta mkoba mmoja wa plastiki mzito, umefungwa fundo. Kuufungua, nyaya tupu!

Nadhani kila nyumba ya Pemba ina mkoba huo. Mna chaja za Nokia, zile za pini nene na zile za pini nyembamba. Mna adapta ya redio ambayo hakuna anayekumbuka ilikwenda wapi. Mna waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, uliobaki baada ya dekta ya DVD kufa. Mna rimoti mbili zisizo na mfuniko wa betri. Nusu ya vitu hivyo vilikuja na jamaa kutoka Muscat au Dubai, vimo ndani ya sanduku pamoja na sabuni na vitambaa, na karatasi ya maelezo kama ilikuwapo basi ilishafungiwa kashata zamani.

"Khalati, hivi vyote nitupe?"

"Tupa baba, mie hata sijui vya nini."

Nikaanza kutupa. Nilipofika kwa waya huo mweusi nikasita. Ncha moja ilikuwa ndogo mno, karibu ya mraba, ina kidimbwi kidogo pembeni, na ndani yake meno manne membamba kama ya panya. Ncha ya pili ilikuwa kubwa zaidi, ubavu mmoja umechongoka kama paa la nyumba. Si USB. Si HDMI. Si ya simu. Nimekulia katikati ya vifaa hivi, lakini umbo lile sikupata kuliona. Nikautia mfukoni, kwa ukaidi tu wa kiuandishi, si kwa busara.

Halafu nikafika kwenye kabati. Juu yake palikuwa na kopo la biskuti la bati. Nikaliinua, khalati akageuka kwa ukali ambao sikuuzoea: "Hilo liache. Hilo halitupwi."

Kopo hilo tunalijua sote nyumbani. Ndani mna kanda saba ndogo za video, kubwa kidogo kuliko kibiriti. Ni za mwanawe wa kwanza, kaka yangu mimi, aliyekuwa akipiga video za harusi Wete na Konde na hata Micheweni. Septemba 2011, baada ya Idi, alikwenda Unguja kuifanyia kamera matengenezo. Alirudi, au niseme alikuwa anarudi, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 kwa meli ya MV Spice Islander I. Wengi wenu mnaujua usiku huo. Meli iliondoka Unguja imejaa watu na mizigo kupita kiasi ikazama mkondo wa Nungwi. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, miili karibu 200 ikapatikana siku zile za mwanzo, na wengine wengi hawakuonekana mpaka leo. Kaka ni katika hao wengi. Kamera ilikuwa naye. Nyumbani likabaki kopo.

Miaka 14 khalati amelifuta vumbi kopo lile na hajapata kuona hata picha moja iliyomo ndani. "Mashine yake haipo," ndiyo jibu letu sote, na hapo tukafunga mjadala.

Mimi nilikuwa nimesimama pale, kopo mkononi na waya mfukoni, na akili yangu haikuunganisha viwili hivyo. Nakiri. Mtoto wa chuo kikuu!

Siku ya pili nikaenda Chake Chake na kuingia maduka matatu ya vifaa vya simu. La kwanza kijana akautazama nusu dakika akasema, "Huu wa printa." La pili wakaniambia ni chaja ya kamera, na kwamba ninunue nyingine kwani hiyo imepitwa na wakati. Wote wawili walikuwa na uhakika kabisa, hilo ndilo lililonishangaza. Nikaupiga picha kwa simu na kuitafutia mtandaoni, simu ikaniletea nyaya za aina nne zinazofanana kama mapacha. La tatu ndilo lililonitoa jasho. Fundi aliuchukua, akaigeuza ile ncha ya paa la nyumba, akaanza kuisukuma kwenye tundu la USB la kompyuta yake. Haikuingia. Akasukuma tena kwa kiganja! Nikamnyang'anya.

Hapa niruhusuni nitoke nje ya hadithi kidogo, kwani hili linanikera siku nyingi. Sisi tuna kanuni moja ya kutambua waya: likiingia tundu, ndilo lenyewe. Kanuni hii imeua vyombo vingi kuliko radi. Chukua adapta za pini ya duara. Pini ya aina moja, unene mmoja, inaweza kuwa ya volti 5 kwa kifaa kimoja na volti 12 kwa kingine, na zote zitaingia bila kinyongo. Kinachozitofautisha si umbo, ni maandishi madogo mgongoni. Ukitazama utaona INPUT, hiyo ni ya ukutani, na OUTPUT, hiyo ndiyo inayokwenda kwenye chombo. Volti za OUTPUT lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye chombo chenyewe. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi, zisiwe pungufu. Na ule mchoro wa viduara viwili vyenye alama za kujumlisha na kutoa unakuambia chanya iko katikati ya pini au nje. Ukikosea hapo chombo kinaweza kwenda na maji siku hiyo hiyo. Jirani yetu mmoja aliletewa mashine ya kusagia matunda kutoka Marekani, imeandikwa volti 120. Sisi umeme wetu ni 230. Akaichomeka. Juisi hatukunywa, moshi tuliuona.

(Na tukiwa tunasema umeme: Pemba yenyewe inaning'inia kwenye waya. Tangu 2010 umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli, na wapiga video wa wakati ule walikwenda harusini na kijenereta chao kwa tahadhari. Waya huo mkubwa hakuna asiyejua kazi yake. Hivi vidogo ndivyo vinavyotushinda.)

Sasa turudi Chake. Kabla ya kupanda gari kurudi Wete nikapita kwenye kiduka kimoja cha fotokopi na picha za paspoti, maana nilihitaji picha. Mwenye duka ni mtu wa makamo. Nikamwaga vilivyomo mfukoni juu ya meza nikitafuta pesa ndogo: funguo, kalamu, waya. Akaacha kuhesabu chenji.

"Yakhe, umeutoa wapi huu?"

"Nyumbani. Unaujua?"

"Kwani nisiujue! Huu ndio uliotulisha sisi. Huu wa DV."

Kumbe mzee huyu zamani alikuwa mpiga video. Akavuta kiti, na picha za paspoti zikasahauliwa. Aliyonieleza nimeyahakiki baadaye, kama kazi yetu inavyotaka, nami nakupeni kwa ufupi.

Waya huu una majina mengi, na hiyo ni sehemu ya fumbo lake. Jina lake la kiwanja ni IEEE 1394, kiwango kilichopitishwa mwaka 1995. Apple waliuita FireWire. Sony wakauita i.LINK. Kwenye kamera nyingi pameandikwa DV tu kando ya tundu, basi. Mtu mmoja majina manne, utamtafutaje? Ncha ndogo ya meno manne huingia kwenye kamera. Ncha kubwa ya paa la nyumba ina meno sita na huingia kwenye kompyuta. Hayo mawili ya ziada ni ya kupitisha umeme, na umeme huo unaweza kufika volti 30. Ndiyo maana lile paa limechongoka upande mmoja, ili usiuchomeke kichwa chini. Ukilazimisha, unaunguza. Nikamkumbuka fundi wangu na kiganja chake.

Na kwa nini usiwe USB kama nyaya nyingine? Swali hili nilimuuliza kwa sababu kamera nyingi za wakati ule zilikuwa na tundu la USB pia, na wengi walidanganyika hapo. Jibu ni hesabu. Kanda za MiniDV zinahifadhi picha kwa tarakimu, na zinapochezwa zinamwaga data kama megabiti 25 kwa sekunde. USB ya mwisho wa miaka ya 1990 ilikuwa na uwezo wa megabiti 12. Haikuweza kumeza. Hata USB ya kasi ilipokuja, kwenye kamera nyingi tundu lile liliachiwa picha za mnato tu. Video yenyewe, bila kupunguka, ilipita kwenye waya huu. Ukitumia ule wa rangi tatu picha utaipata, lakini inageuzwa njiani na inapoteza ubora.

"Ndugu yako alikuwa akipiga video?" akaniuliza. Nikamtajia jina. Akanyamaza. Kisha akasema walipokezana harusi nyingi sana, na kwamba walikuwa wakiazimana waya huu kwa sababu mjini zilikuwa mbili tu walizozijua.

Basi waya ulikuwa ni ufunguo wa kopo. Vimekaa chumba kimoja miaka 14, kimoja juu ya kabati kwa heshima, kingine chini ya kitanda pamoja na chaja mbovu. Tumetunza kanda, tukataka kutupa waya.

Hapo ndipo ninapotaka kusema na nyinyi, ndugu zangu. Mtasema huyu kijana amekosa la kuandika. Lakini fikirini. Kizazi kizima cha harusi, maulidi, mahafali na mikutano ya hadhara ya Zanzibar, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mpaka karibu 2010, kimerekodiwa kwenye kanda za namna hii. Si kwenye simu wala mtandaoni. Kanda zenyewe ni utepe mwembamba wa milimita 6 na kidogo uliopakwa madini ya sumaku, na hapa petu unyevu hauna huruma. Ukungu unaingia. Shirika la UNESCO pamoja na jumuiya ya kimataifa ya nyaraka za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu kanda za sumaku duniani kote. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilikwisha kusema tangu 2015 kwamba kanda zisizohamishwa kufikia 2025 zitakuwa hatarini kupotea. Mwaka 2025 si ndio umeshatupita?

Na wenzetu hao hawakusema tatizo ni kanda peke yake. Tatizo ni mashine za kuzichezea, vipuri, na watu wanaojua. Waya wetu huu nao mlango unafungwa. Kompyuta mpya hazina tundu lake. Mfumo wa macOS uliotoka Septemba 2025 umeacha kabisa kuutambua. Kwenye Linux msimamizi wake ameahidi kuushughulikia mpaka 2029. Kwa hiyo mwenye kanda nyumbani asijidanganye kwamba ana maisha yote.

Watu hufurahia kwamba siku hizi mambo yamerahisishwa, tundu moja kwa vyote. Kweli, Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwa simu mpya tangu Desemba 2024, na hata huku tumenufaika. Ila hata hilo halijamaliza mafumbo. Nyaya mbili za USB-C zinafanana kwa sura, kumbe moja inachaji tu na data inapitisha kwa konokono, nyingine inabeba wati 240 na picha ya skrini juu. Kwa macho huwezi kuzijua. Na kila tundu jipya linaposherehekewa, mikoba chini ya vitanda inageuka kuwa taka, na vilivyokuwa vikifunguliwa na mikoba hiyo vinabaki bubu.

Mimi sisemi tuhifadhi kila waya. La! Mkoba wa khalati niliupunguza robo tatu. Ninachosema ni kwamba usitupe usichokijua. Kijue kwanza, halafu tupa. Hesabu meno, soma maandishi ya kwenye ala, tafuta alama: ile ya mkuki wa ncha tatu ni USB, ile ya duara lenye miale mitatu kama panga za feni ni FireWire. Kisha jiulize nyumba hii iliwahi kuwa na chombo gani. Na muulize mtu mzima aliyefanya kazi hiyo, si muuza vocha. Ukishajua, chukua plasta, andika kwa Kiswahili "waya wa kamera ya baba" na ubandike. Kazi ya dakika moja.

Na wakubwa nao. Hivi inashindikana nini kuwa na sehemu moja Pemba, iwe maktaba, chuo au ofisi ya nyaraka, penye kamera moja ya MiniDV inayocheza, kompyuta moja ya zamani yenye tundu hili na kijana mmoja wa kusimamia? Vyombo hivyo vyote havifiki bei ya viti vya mbele vya ukumbi wa semina. Nimehudhuria semina nyingi za "kuhifadhi urithi wetu" kwa kazi yangu, nimekula biriani yake, nimeandika habari zake. Sijaona hata moja iliyouliza watu wana nini ndani ya makopo.

Tukaendelea. Mpiga video wangu alikuwa na kamera yake bado, kioo kimepasuka, betri ilikufa zamani, inawaka kwa umeme wa ukutani tu. Chini ya meza ya fotokopi palikuwa na kompyuta ya mezani nyeusi kwa vumbi, yenye lile tundu la paa mgongoni. Nikarudi Wete kuomba kopo. Khalati alinitazama muda mrefu. Kisha akasema twende sote, halitoki bila yeye.

Kuhamisha kanda hakuna njia ya mkato. Kanda ya saa moja inachukua saa moja, na inakula gigabaiti kama 13. Tulikaa siku mbili kwenye kiduka kile, wateja wa fotokopi wanaingia na kutoka. Kanda mbili zilikuwa na ukungu mweupe, mwenye duka akakataa kuzitia, akasema zitachafua kichwa cha kamera na tutakosa zote. Tano zilisoma.

Kaka haonekani hata mara moja. Bila shaka, yeye ndiye aliyeshika kamera. Ni bibi harusi za watu, sinia za halua, watoto wanaochungulia, jenereta linaunguruma nyuma. Lakini anasikika. "Sogeeni kidogo upande huu, bibi harusi hapati mwanga." Anacheka. Kwenye kanda ya nne mtu anamwita aje ale, naye anajibu kwa sauti ya karibu kabisa na kamera, "Nakuja, nimalize."

Khalati akamwambia mwenye duka arudishe hapo. Akarudisha. Akamwambia tena. Mteja mmoja aliyekuwa na cheti chake cha kuzaliwa mkononi akasubiri bila kusema kitu.

Zimebaki zile kanda mbili zenye ukungu. Kama yuko msomaji Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au hata huko Muscat anayejua mtu wa kuzisafisha kanda za MiniDV kwa uangalifu, na mwenye mashine isiyotafuna, naomba aniandikie. Waya ninao.